Kompresa Inapoa

...na kama inazunguka basi umeme unaifikia, na kama umeme unaifikia basi fyuzi ni nzima na rilei ni nzima, hapo nimeshapita, najiambia, Traugott, usirudi nyuma, vyote viwili umebadilisha asubuhi na betri umeipima, volti kumi na mbili na pointi saba, betri haina kesi, kompresa nayo imeunguruma dakika tatu kamili, gari likanyanyuka kidole kimoja tu, kisha kimya, imejizima yenyewe kwa joto, na kujizima huko siyo ubovu, ni akili yake, ikipata moto inajizima isije ikaungua, inataka dakika kumi na mbili ipoe ndipo ikubali tena, basi nikae, nimekaa, saa nane na dakika kumi na nane mchana wa Jumamosi, niko uani nyuma ya usukani na gari limelala chini, tumbo karibu liguse mawe, magoti yangu yako juu ya kiuno kama nimekaa kwenye kigoda cha kukamulia maziwa, na kidole gumba kiko kwenye kitufe cha kunyanyulia ingawa najua nikibonyeza sasa ni kazi bure, kidole chenyewe ndicho hakitaki kutoka... saa tisa Irmi, mke wangu, atakuwa mlangoni mwa hospitali ya mazoezi kule mlimani, na nyonga yake mpya na magongo mawili na lile sanduku la kahawia, wiki tatu kamili tangu apasuliwe, na kutoka hapa mpaka kule ni nusu saa ukienda kwa adabu, kwa hiyo hesabu ni nyepesi, saa nane na nusu kompresa imepoa, inalinyanyua gari, naondoka, mtu aliyesaga vyuma kiwandani miaka thelathini na nane bila kuchelewa hata siku moja hachelewi leo, leo kuliko siku zote... shida siyo kufika, kufika hata hivi lilivyolala ningefika kwa kutambaa, shida ni kiti, maana yule binti wa mazoezi alinikalisha akanieleza kwa vidole, mzee, kiti cha gari kiwe juu kuliko magoti yake, akikaa chini sana akaikunja nyonga kupita kiasi inaweza kuchomoka, na ikichomoka anarudi mezani, unanielewa mzee, nikamwambia nakuelewa mwanangu, gari langu linapanda na kushuka lenyewe, lina mifuko ya upepo badala ya springi, kompresa inaijaza, nabonyeza kitufe tu, likiwa juu kiti kiko sentimita hamsini na tano kutoka chini, nimepima, likiwa chini ni arobaini na mbili, na hiyo arobaini na mbili ndiyo niliyoikalia sasa hivi, najiona nilivyokuwa nimenyoosha shingo mbele ya yule binti kana kwamba mifuko ya upepo nimeivumbua mimi. Ehe, Traugott.

Haya, taratibu, kwa mpangilio, kompresa inazunguka lakini haisukumi, au inasukuma na upepo unatoroka, ni moja kati ya hayo mawili, hakuna la tatu... upepo hautoroki, nimepaka povu la sabuni kila kiungo, nimelala chini ya gari tangu saa nne asubuhi nikitazama mapovu, hakuna hata moja lililovimba, vile vipete vya mpira nimeweka vipya vyote, kumi na moja, mifuko yenyewe haina ufa, basi ni kompresa, lakini kompresa nimeifungua Jumatano juu ya meza ya jikoni, kwenye magazeti, jambo ambalo Irmi hatalijua mpaka tuzikwe, ringi ya pistoni ilikuwa imeliwa imebaki ukucha, nikaweka mpya, zile chembe za kukaushia unyevu zilikuwa zimegeuka uji, nikamwaga, nikasafisha kopo lake, nikajaza chembe mpya, kila kitu nikakisugua mpaka ungeweza kulia chakula juu yake, na nilikula, mkate wa fundo na siagi, pale pale, silinda iko kushoto na siagi iko kulia, na nilikuwa na furaha, lazima niseme, nilikuwa mtu mwenye furaha nyumba nzima ikiwa kimya na kompresa imetandazwa vipande vipande, kila kipande nakijua jina na kazi yake... Volkmar, mume wa binti yetu Heike, alisema, baba, peleka gereji, wanaweka mpya kwa saa mbili, na Heike naye akadakia, peleka gereji baba, baba yao hapeleki gereji, baba yao alikuwa anapima vyuma mpaka sehemu moja ya mia ya milimita wakati Volkmar bado ananyonya, mkwe mzuri, simsemi vibaya, lakini anafungua kifuniko cha injini kama mtu anayechungulia chumba cha wageni... "Traugott." Sauti kutoka juu, dirisha la jikoni la Mama Hägele, mjane wa ghorofa ya kwanza, miaka themanini na mbili na masikio ya popo. "Traugott, saa nane na nusu haijafika." Najua, Mama Hägele. "Saa ya mapumziko ni saa ya mapumziko. Mashine yako imenguruma hapa dakika tatu." Dakika tatu kamili, amepima na yeye, nyumba hii kila mtu ana saa. "Watu wamelala." Watu gani, Mama Hägele? "Mimi." Umelala dirishani? "Nilikuwa nimelala, sasa nimeamka, ndiyo maana unaniona," na kichwa kimeingia ndani, pazia limerudi, na pazia limebaki na upenyo wake wa vidole viwili kama kawaida, sawa, haki yake, kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane na nusu hakuna nyundo hakuna drili hakuna kompresa, hata mimi nimewahi kumwambia mtu hivyo hivyo kwa sauti hiyo hiyo, kwa hiyo saa zimegongana vizuri, kompresa inataka mpaka saa nane na nusu na Mama Hägele anataka mpaka saa nane na nusu, sina pa kwenda.

Sauti, turudi kwenye sauti, haikuwa sauti yake, hilo ndilo linalonikera, kompresa hii naijua, ikiwa na afya inapiga ngurumo ya wazi kavu, leo ilikuwa inalalamika kwa ndani, nyembamba, kama mtu mwenye mafua anayekataa kukiri kwamba ana mafua, na mimi sauti hainipiti, gari likipita barabara ya pili nakwambia beringi ya gurudumu la nyuma kushoto imekwisha, kiwandani walikuwa wananiita nisikilize mashine, msimamizi wetu wa kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa ananisimamisha ameziba mdomo wake kwa kidole, mwacheni asikilize... na nyonga ya Irmi ilikuwa inalia ndani ya kitanda changu miaka minne. Miaka minne. Akisema, baba Heike, leo inauma, nami nasema ni upepo wa kusini huo, kila mtu anaumwa upepo wa kusini, akisema leo inauma na upepo hamna, nasema basi ni mvua inakuja, nyonga ya mtu nimeifanya chombo cha kupimia hali ya hewa, na daktari alipoiweka ile picha kwenye mwanga na kusema mama umewezaje kutembea na hii, mfupa kwa mfupa, ute umekwisha kabisa, nilitazama ile picha nikaona beringi iliyoisha, mtoto angeiona, na Irmi alikuwa ananitazama mimi, hakuitazama picha, akanishika mkono kana kwamba mgonjwa ni mimi... nilijisikia vibaya, najisikia vibaya hata sasa, sikumwambia, mimi na Irmi mambo kama hayo hatuyasemi, tunapikiana, tunatengenezeana vitu, ndiyo maana hili gari lazima lisimame, siyo gari, ndiyo, siyo gari, mtu asijidanganye kwamba siku tatu nimelala kwenye mawe ya baridi kwa ajili ya gari. Alipiga simu juzi jioni, amechangamka, wamemfundisha kupanda ngazi, mguu mbovu kwanza au mguu mzuri kwanza, sikumbuki, akasema, "Volkmar kasema anaweza kuja na gari lake lile refu." Nikasema Volkmar akae na gari lake refu, mimi nakuja na letu. "Limepona?" Linapona. "Mimi nitapanda chochote, baba Heike, we njoo tu." Nami nikakasirika kidogo, nitapanda chochote, kana kwamba haniamini, nikakata simu nikarudi chini ya gari na tochi mdomoni... tuko hivyo siku zote, mimi mbele na haraka zangu na yeye nyuma na mambo yake, tukifika popote, kwa mwokaji, makaburini kwa mama, kwa Heike, mimi nimeshafunga mlango niko kwenye ngazi, yeye bado garini, anatafuta miwani, anatafuta mkoba, tangulia, nakuja, ndio wimbo wake, tangulia, nakuja, nami natangulia, nanunua mikate ya fundo minne, natoka, ndiyo kwanza namkuta mlangoni anaingia, nasema umelala humo? anacheka. Mwanamke mwenye mambo mengi, nimezoea.

Saa nane na dakika ishirini na tatu, nasikia chuma kikipoa nyuma, tik, tik, vizuri, poa mama poa... kwenye kamba matambara yangu yanapepea, yamekauka, nimeyafua jana na kuyaanika kila moja na vibanio viwili, Irmi anasema dunia nzima hakuna mwanamume mwingine anayefua matambara ya mafuta na kuyaanika kwa mstari, lakini tambara chafu linachafua unachokisafisha, hiyo ni sheria, na haya siyo matambara ya hivi hivi, ni gauni lake la kulalia, lile la maua ya buluu, flaneli nzuri, lilipotoboka kiwikoni alilikata mwenyewe kabla ya kwenda hospitali, chozi halikumtoka, akaniwekea kwenye ndoo, haya, matambara ya gari lako, manane, usimalize yote kwa siku moja, kwetu nguo haitupwi, inashuka cheo tu... "Na ngazi nimefagia." Amerudi dirishani. Nini? "Ngazi. Na njia mpaka kwenye lango. Nimefagia." Mama Hägele, ni wiki yangu ya kufagia. "Najua ni wiki ya nani, kibao si kinaning'inia mlangoni kwako tangu Jumatatu? Nilikuwa nakitazama tu. Majani yalikuwa yameloa, yanateleza, na yule anakuja na magongo." Ungeniambia, ningefagia. "Nikuambie saa ngapi, unaishi chini ya gari. Miguu yako tu ndiyo ninayoiona siku tatu," na ameondoka tena, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu katika nyumba hii, miaka thelathini na moja tunayokaa hapa, kibao cha ufagio kinapita mlango hadi mlango kila Jumatatu na hakuna mtu aliyewahi kufagia wiki ya mwenzake, hata mumewe Mama Hägele alipofariki, ilikuwa wiki yao, alifagia siku ya mazishi na nguo nyeusi, tukamwona, hakuna aliyethubutu kumnyang'anya ufagio, tulidhani ni heshima, labda haikuwa heshima, labda tulikuwa watu wagumu tu, na leo yeye ameshuka na miaka yake themanini na mbili akafagia majani yangu, na mimi mwenye gari la kunyanyuka na kushuka sikukumbuka kwamba kabla ya gari kuna ngazi... asante sikumwambia, nitamwambia.

Basi iwe hivi, na nikisema nimesema, ikifika saa nane na nusu nikabonyeza na halikunyanyuka, nampigia Volkmar, yuko dakika kumi kutoka hapa, dakika kumi tutachelewa, anakuja na gari lake refu, naketi kando yake na njiani sisemi neno juu ya anavyobadilisha gia, nitapanda chochote alisema, we njoo tu, na alichosema ni hicho hicho, mimi ndiye niliyesikia habari za gari, alisema njoo... ajabu, hainiumi, nilidhani itaniuma, kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, kompresa itakuwepo Jumatatu, dengu ziko jikoni zimelowekwa, tambi nimeshakata, soseji ziko kwenye friji, kitanda nimekiinua kwa vipande vinne vya mbao nilivyovipiga randa vikawa sawa, choo nimekiwekea kiti cha juu, nyumba nzima imepanda sentimita kumi kumsubiri, gari tu ndilo limebaki chini, jua linaingia kwa kioo cha pembeni, kuna harufu ya sabuni na ya ngozi ya viti, na ndani ya saa moja na nusu atakuwa nyumbani, ananiambia tambi ni nene, nina raha, kusema kweli nina raha, nimekaa ndani ya gari bovu nina raha, sijui hiyo nayo ni ubovu gani... yanapepea matambara, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Saba. Hesabu tena, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, alikata manane, alisema manane na mimi nilihesabu, maana mimi nahesabu kila kitu, upepo haujachukua, vibanio viwili viwili, vibanio kumi na nne, jana nilianika saba basi, la nane liko wapi, Mama Hägele hachukui, Mama Hägele anafagia, ndani ya ndoo hamna, chini ya gari hamna, nimelala huko siku tatu ningeliona, Alhamisi yalikuwa manane mkononi, Alhamisi nilifanya nini, nilirudisha kompresa mahali pake, nikafagia buti, nikavuta vumbi lote na mashine, kwa sababu kompresa safi haiwekwi kwenye gari chafu, na kabla ya kufagia nikaziba kila tundu, tundu lililo wazi linaomba uchafu, msimamizi wetu alitufundisha hivyo kabla hajatufundisha kushika tupa, mtu wa kiwanda chetu haachi bomba wazi hata akiitwa na Mungu, nikaziba huku, nikaziba huku, na kile kibomba kinachopanda nyuma ya ubao wa buti, kile ambacho kompresa inavutia hewa, nikakizibia... nikakizibia kwa tambara, nikalisokomeza vizuri kwa kidole, vumbi lisiingie, nikafagia, nikarudisha ubao, nikakaza skrubu zake sita, nikazifuta alama za vidole.

Limo humo. Gauni la kulalia la Irmi limo humo ndani ya pua ya kompresa yangu, maua ya buluu na yote, na kompresa maskini siku mbili inavuta pumzi kupitia flaneli, inahangaika, inapata joto, inajizima, na mimi nimebadilisha fyuzi, nimebadilisha rilei, nimepaka povu la sabuni kwenye viungo visivyo na kosa lolote, mganga hajigangi wanasema, fundi mvivu asingelifanya kosa hili, Volkmar asingelifanya, Volkmar angeacha bomba wazi likanywa vumbi na leo gari lingekuwa limesimama, lazima uwe msafi mpaka kichwani ndipo uharibu namna hii... nacheka, nacheka peke yangu, tumbo linagonga usukani, na Irmi lazima ajue, nilikuwa nimepanga asijue hata kuhusu meza ya jikoni lakini hili nitamwambia leo leo, njiani, kabla hatujafika kwenye daraja, nitamwambia ulikuwa umelikaba gari usiku na mchana na gauni lako, na yeye atasema, atasema nini, atasema afadhali wewe umelitafuta kosa mpaka ukaliona, au hatasema, atacheka tu... na hapo ndipo pa kumwambia na lile lingine, picha kwenye mwanga, nitalisema likiwa limejificha nyuma ya kicheko, sijui kulisema vingine. Saa nane na dakika ishirini na saba, skrubu sita, dakika moja, nalichomoa, dakika mbili nasubiri kama mstaarabu, saa nane na nusu nabonyeza. "Traugott." Ndiyo, Mama Hägele. "Unacheka nini humo?" Nimepata kosa. "Nilijua utapata. Njoo uchukue keki ya plamu ya Irmi, nimeifunga ingali moto, uende nayo. Mie nashuka, tukutane kwenye ngazi." Nakuja, nasema, na nimefungua mlango, nimetoa mguu wa kushoto nje, nimeshika fremu ya mlango, nimejivuta, na sikwenda popote, kiti kiko chini mno, magoti yako juu mno, miaka sabini na moja hii na siku tatu za mawe ya baridi, kiuno kimekataa, kiko pale pale, mkono mmoja kwenye fremu na mwingine kwenye kiti, najipanga, navuta pumzi, najipanga tena, natafuta mahali pasipouma pa kuanzia, na ili bibi wa watu asisimame dirishani akinitazama nimemwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu asiye na shida yoyote, tangulia, Mama Hägele, nakuja.

Tangulia, nakuja... miwani ya Irmi ilikuwa puani, sasa naona, mkoba ulikuwa mkononi, alichokuwa anatafuta ni mahali pasipouma pa kuanzia, miaka minne, na kila mara nilitangulia.